Hakugusa hata kibodi, lakini alitangaza mbele ya foleni nzima kwamba kompyuta yangu imeingia mvuke wa wali!

BintiMagomeni (mleta uzi)

Wanajamvi, ninaandika huku mikono ikitetemeka kwa hasira, na ninaomba asitokee mtu wa kunituliza. Nimetoka sasa hivi Kariakoo kwa yule fundi wa kompyuta wa kwenye korido, mnamjua wote, yule mwenye bisibisi sikioni na bakuli la karanga juu ya kaunta, ambaye foleni yake ya leo nadhani mkia wake ulikuwa Chalinze.

Kompyuta yangu mpakato ilikuwa nzima kabisa hadi nilipoipandisha kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Ilipowaka tena, herufi zilikuwa kubwa kama za bango la mgombea, mwangaza ulikuwa haupungui wala hauongezeki, na luninga ninayoiunganisha ili wateja wazione kadi zao za harusi ilikuwa haitambuliwi tena. Nilipofungua Device Manager, ule ukurasa wa Windows unaoorodhesha vifaa vya kompyuta, mahali palipokuwa na jina la kadi ya grafiki ya Intel palikuwa pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter. Mtoto wa darasa la nne angesoma hapo na kujua kwamba draiva ya grafiki, yaani programu inayoiongoza kadi ya kuonyesha picha, imepotelea njiani.

Nilimweleza hayo yote kwa adabu, na ukurasa wenyewe nikamfungulia. Hakuusoma. Alikitazama kioo kwa upande, akapitisha kidole kwenye ukingo wake, akakinusa kile kidole, kisha akasema kwa sauti ambayo ghorofa ya tatu waliisikia: "Dada, hii imeingia mvuke wa wali. Ninyi mnapika huku mnatazama tamthilia. Andaa laki tatu tubadilishe kioo."

Foleni nzima iliangua kicheko. Mzee mmoja aliyekuja kununua chaja tu alicheka hadi akaikalia printa ya mtu. Jiko langu liko uani na kompyuta haijawahi kuvuka kizingiti cha chumba, lakini hilo tuliache. Alinusa kidole, wanajamvi. Alinusa kidole kisha akataja wali.

MkongweWaSinza

Dada yangu, pole sana, ila kabla hatujaendelea ningependa kujua kama ni wali mkavu au wa nazi, kwa sababu wa nazi una mafuta na huenda ndio ulioiteremsha hiyo draiva.

MvuviMstaafu

Mleta uzi ashukuru kwamba ametajiwa chakula. Mimi ninaishi Kigamboni, na bwana huyo huyo aliniambia kwamba kioo changu kinawaka na kuzima kwa sababu kompyuta imevuta chumvi ya bahari ndani ya kivuko. Nilipofika nyumbani nilibonyeza kitufe cha Windows pamoja na Ctrl, Shift na B, draiva ya grafiki ikajiwasha upya, ukasikika mlio mfupi, na chumvi yote ikarudi baharini.

MpwaWaMbagala

Kwangu alisema ni vumbi la Mbagala. Sasa nimeelewa utaratibu wake: kwanza anauliza unaishi wapi, kisha anatoa ugonjwa unaolingana na mtaa wako.

BintiMagomeni (mleta uzi)

Mimi hakuniuliza ninaishi wapi! Alinitazama tu akaona wali. Na wewe Mkongwe, nazi yako kaikunie Sinza.

FundiMtulivu

Nimesoma uzi huu kwa masikitiko, kwani kioo kibovu hakina uwezo wa kubadilisha jina la kadi ya grafiki ndani ya Device Manager. Jina hilo la Basic Display Adapter maana yake ni kwamba mfumo mpya haukuikubali au haukuipata draiva ya mtengenezaji, hivyo umeweka ile ya dharura ambayo huonyesha picha tu, bila kuitumia kadi ipasavyo. Ndiyo maana mwangaza umegoma na luninga haionekani. Soma namba ya modeli iliyo chini ya kompyuta, nenda kwenye ukurasa wa mtengenezaji, pakua draiva ya grafiki ya modeli hiyo hiyo, kisha ukate intaneti wakati wa kuisakinisha ili Windows Update isiwahi kuweka ya kwake juu. Kama yamebaki masalia ya draiva ya zamani, ingia katika hali ya usalama (Safe Mode) na uyafute kwa programu ya Display Driver Uninstaller kabla ya kuweka mpya. Ikishindikana, unaweza kurudi Windows 10 kupitia mipangilio, mradi zisiwe zimepita siku 10 tangu upandishe, kwa kuwa baada ya hapo mafaili ya mfumo wa zamani hufutwa.

BintiMagomeni (mleta uzi)

Ahsante, Fundi, lakini sikuja kuomba matibabu, nimeleta malalamiko. Namba ya modeli haijaninusia kidole.

PengwiniWaTabata

Haya yote yanawapata kwa sababu ya kung'ang'ania Windows. Hamieni mfumo wa Ubuntu, mtalala usingizi.

Tarishi

Wewe Pengwini usitufanye wajinga, kwani ni wewe uliyenishawishi kupandisha Ubuntu hadi 24.04 kwenye kompyuta yenye kadi ya Nvidia, nikaamkia kioo cheusi tii. Kumbe Secure Boot, ule ulinzi wa wakati kompyuta inawaka, ilikuwa imekataa kuipokea moduli (draiva) ya Nvidia kwa kuwa haikuwa na sahihi inayoitambua. Ilinibidi nibonyeze herufi e kwenye GRUB, ile menyu ya kuwashia mfumo, na kuandika nomodeset ili nione japo herufi, na kazi ya mteja ilikuwa inatakiwa asubuhi hiyo. Wakati huo wewe ulikuwa hupokei simu.

PengwiniWaTabata

Simu yangu ilikuwa haina chaji. Isitoshe, nilikuambia uzime Secure Boot kwanza.

Tarishi

Hukuniambia. Mazungumzo ninayo.

MamaWaili

Ninyi mnazungumzia vioo, sisi wengine tunalia na bando. Faili la kusakinisha Windows 11 linapita gigabaiti 5, draiva ya Nvidia peke yake inapita megabaiti 500, na ukishamaliza kupakua mtu anakuambia hiyo si ya modeli yako. Bando langu la mwezi liliisha, na kompyuta bado inaonyesha rangi ya zambarau pembeni.

MpwaWaMbagala

Afadhali wewe ulifika mwisho. Kwangu umeme ulikatika ikiwa inaweka draiva, na betri ya kompyuta yenyewe ilishakufa zamani. Tangu hapo inawaka, inaonyesha nembo, inazima, inawaka tena.

MkongweWaSinza

Mimi hata hiyo Windows 11 imenikataa mlangoni. Kompyuta yangu ni Intel ya kizazi cha saba na wao rasmi wanataka cha nane kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Windows 10 nayo imeacha kuhudumiwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Sasa mtu mzima niende wapi?

MvuviMstaafu

Iuze, Mkongwe. Ina RAM kiasi gani?

MkongweWaSinza

Gigabaiti 8, na haijawahi kufunguliwa.

BintiMagomeni (mleta uzi)

Jamani, uzi ni wangu.

MvuviMstaafu

Tumekusikia, dada, subiri kidogo. Mkongwe, kioo chake kina mkwaruzo?

MamaWaili

Kabla hamjauziana, naomba mwenye draiva ya Intel ya grafiki kwenye flashi, ile ya kizazi cha kumi, na ambaye yuko karibu na Ubungo, aniambie. Nitaifuata mwenyewe kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa sababu sina bando hata la kufungua ukurasa wa mtengenezaji.

Tarishi

Ninayo, mama, na nipo Ubungo hadi jioni. Njoo na flashi yako, ila tafadhali isiwe ile uliyonipa siku ya kuchapa ratiba za kikoba, maana virusi vyake bado ninaishi navyo.