Kiwiko cha bandia hudumu miaka mingapi kwa mtu wa mwaloni?

Tausi_Kirumba: Wakuu, shikamooni. Mgonjwa ni mama wa miaka 58 mwenye baridi yabisi ya muda mrefu, gegedu la kiwiko cha kulia limekwisha. Ameshauriwa kuwekewa kiwiko cha bandia cha bawaba. Anauza dagaa mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa hapa Mwanza: ndoo, magunia, na nyumbani ugali anausonga mwenyewe. Kitadumu miaka mingapi, na huanza kuharibikia wapi?

Mfupa_na_Nati: Marahaba. Takwimu za Mayo Clinic, Marekani, kwa wagonjwa wa baridi yabisi waliowekewa kiwiko cha bawaba cha aina iitwayo Coonrad-Morrey: miaka 10, vilivyobaki bila kubadilishwa ni kama 92 kati ya 100, miaka 15, 83, miaka 20, 68. Aliyewekewa kwa sababu ya kuvunjika akiwa bado kijana huwa hafiki huko, maana maumivu yakiisha tu anarudi kubeba zege.

Kuharibika sasa. Kuna vyuma viwili: kimoja kinazama ndani ya mfupa wa mkono wa juu, kingine ndani ya mfupa wa kigasha, ule wa upande wa kidole kidogo. Vyote hugandishwa kwa saruji ya mifupa. Vinakutana kwenye pini, na pini imevishwa bushi za plastiki ngumu. Ndiyo, bushi, kama za gari, na ndizo zinazolika. Bawaba imeachiwa kwa makusudi mchezo wa nyuzi (digrii) kama 7 wa kuyumba pembeni, ili nguvu yote isiishie kwenye saruji. Picha ikionyesha imeyumba zaidi ya nyuzi 10, bushi zimelika. Zikiachwa, chuma kinasaga chuma, vumbi lake linachochea mfupa kuliwa, na shina, yaani kile chuma kilichozama mfupani, linalegea. Kubadilisha bushi peke yake ni operesheni ya afadhali. Kung'oa shina lililoshikwa na saruji ni vita, mfupa wenyewe unaweza kupasuka.

Fizio_Igoma: Nyongeza ya mizigo. Kipimo kinachotumika sana ni kilo 5 kwa kuinua mara moja, kilo 1 kwa kazi ya kurudiarudia, na ni maisha yote, si mpaka kidonda kipone. Dumu la lita 5 likijaa maji, kilo 5 zimeshatimia. Ndoo ya lita 20 aisahau kwa mkono huo. Ugali mgumu wa familia nao ni kazi ya kurudiarudia, tena mwiko unakisokota kiwiko. Mwiko wapewe wengine. Kuanika na kugeuza dagaa hakuna shida. Akiinuka mkekani asijisukume kwa mkono huo.

Kama kwenye operesheni msuli wa nyuma ya mkono ulibanduliwa na kushonwa upya, wiki 6 za mwanzo asinyooshe kiwiko kwa nguvu zake kupinga uzito wa mkono. Ukichanika pale, kujisukumia mlango kutamshinda. Lengo la mazoezi ni kiwiko kikunjike kati ya nyuzi 30 na 130; zinatosha kula na kufunga kilemba.

Tausi_Kirumba: Asante. Na akibeba kichwani?

Fizio_Igoma: Kichwani si tatizo, dada. Tatizo ni kujitwisha na kujitua. Atwishwe, atuliwe, na mkono wa kushoto ndio ushike.

Mfupa_na_Nati: Msisahau usaha. Ngozi ya nyuma ya kiwiko ni nyembamba, na dawa za baridi yabisi hushusha kinga, kwa hiyo maambukizi hapa ni mengi kuliko kwenye nyonga au goti. Kidonda kikiendelea kutoa majimaji baada ya siku 10, arudi kwa mpasuaji siku hiyohiyo. Vidonge vya duka la dawa vitaficha ugonjwa tu. Mwiba wa sangara ukimchoma mkono huo ukavimba, vivyo hivyo. Ganzi mpya ya kidole kidogo nayo aiseme mapema, ni mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko.

Picha za X-ray mbili, ya mbele na ya ubavu, kila mwaka hata kama hakuna maumivu, maana bushi hulika kimyakimya. Na kabla hajaruhusiwa, aombe kibandiko chenye jina la kifaa, saizi na namba yake, akihifadhi pamoja na kadi ya kliniki. Bushi za kampuni moja haziingii kwenye kifaa cha kampuni nyingine.