Naomba ushauri: tumpokeeje Makamu Mkuu mpya wa chuo?

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo maana nimekwama. Chuo chetu cha umma kimepata Makamu Mkuu wa Chuo mpya na mimi nimo kwenye kamati ya mapokezi, sasa wenzangu wanataka ngoma, keki, fulana zenye picha yake na hotuba ya kila idara, yaani mtu achoke kabla hata hajaanza kazi. Mimi naona salamu ziwe fupi tu halafu tuongee naye ya maana, malimbikizo ya mishahara, kupanda madaraja, maabara hazina vifaa, matokeo ya wanafunzi kuchelewa. Ila wapo wanaosema siku ya kwanza siyo ya kumbebesha mtu malalamiko, na hapo kidogo wana pointi.

Wengine hata wanamchanganya na Mkuu wa Chuo, yule wa kutunuku digrii kwenye mahafali. Jamani huyu ndo mtendaji wa kila siku, ndo anaongoza seneti na anawajibika kwa baraza la chuo!

Je tuandike risala yenye mambo mawili matatu au tuombe kikao baadaye? Na hizo fulana tuzipinge vipi bila kuonekana tuna roho mbaya?