Nirudishiwe 20,000 yangu, ile haikuwa kumbukumbu ya Lucky Dube

Wakuu, salamu baadaye, leo nina hasira.

Jumamosi nimetoa kiingilio 20,000, bodaboda kwenda na kurudi juu yangu, kwenye shoo ya kumuenzi Lucky Dube, yule marehemu mwimbaji wa rege. Baa siitaji, nisije nikafutiwa uzi. Bango liliandika "bendi laivu, vyombo kamili". Nafika nakuta kinanda kimoja kimefunikwa kitambaa, na hakikufunuliwa mpaka tunaondoka. Dogo mmoja kachomeka flashi kwenye kompyuta, anaachia wimbo mzima, waimbaji wawili wanachezesha midomo. Sauti ya marehemu inasikika kabisa nyuma yao!

Hilo ningemeza. Aliyenichefua ni MC. Kila baada ya nyimbo mbili, "Washa majani!", mara "Jamaica mko wapi?" Jamaica ipi? Lucky Dube ni Mzulu wa Afrika Kusini, kazaliwa Ermelo mwaka 1964, kalelewa na bibi yake. Bangi hakuvuta, pombe hakunywa. Sasa unamuenzi mtu kwa kitu alichokikataa? Halafu tukapigiwa Bob Marley nyimbo tano mfululizo. Nampenda Bob, lakini siku yake ni Mei.

Na msiniambie CD na bendi ni yale yale. Lucky kabla ya rege alikuwa mtu wa mbaqanga, ule muziki wa dansi wa Afrika Kusini, akiimba Kizulu, na alipohamia rege hakuja mikono mitupu. Sikilizeni Slave ya 1987 au Prisoner ya 1989, wale akina dada wa kuitikia: anarusha mstari, wanaudaka kabla haujatua. Sauti yake inapanda, inakuwa nyembamba kama mtu anayelia, ghafla inashuka chini kabisa. Hata ile miguu aliyokuwa akirusha jukwaani ni ngoma ya kwao. Dogo wa flashi atairusha saa ngapi?

Tena kuhamia kwenyewe kulimgharimu. Rege yake ya kwanza, Rastas Never Die ya 1984, iliuza kama nakala 4,000 tu, wakati mbaqanga yake ilikuwa inafika 30,000. Serikali ya makaburu ikaipiga marufuku juu yake. Mwingine angerudi kwenye hela. Yeye akakaza, na hata makaburu walipoondoka madarakani hakunyamaza, akageukia kuimba dhidi ya kodi, ujambazi na rushwa.

Sasa sikieni MC alivyomalizia: "Lucky Dube aliuawa na makaburu kwa sababu ya nyimbo zake!" Na watu wakapiga makofi. Jamani! Aliuawa Oktoba 18, 2007, Rosettenville, Johannesburg, na majambazi waliotaka gari, akiwa anawashusha watoto wake. Watatu walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2009. Mtu aliyeimba ujambazi anauawa na majambazi, wewe unaona haitoshi mpaka uongeze chumvi?

Nikamfuata mratibu mlangoni, nadai changu. Akaniangalia: "Mzee, si umesikia nyimbo zote?"

Nyimbo ninazo nyumbani, kwenye kanda, tangu wewe hujaanza shule!

Aliyekuwa meza za karibu na choo aje athibitishe. Na kama kuna mdau anajua bendi hapa Dar inayopiga hizi nyimbo kwa vyombo, na akina dada wa kuitikia wapo, aitaje. Kiingilio nitatoa tena.