Tupeane uzoefu: mliopanda Ziwa Ngosi na kurudi siku hiyohiyo

Mtoto wa Uyole
Wakuu, jana nimeona status ya jamaa kasimama ukingoni juu ya Ngosi, lile ziwa la juu kwenye milima ya Poroto huku kwetu Mbeya, jua linawaka, ziwa la kijani chini yake, raba nyeupe hazina hata tone la tope. Nikasema huyu kaenda Septemba, haiwezekani. Ngosi ninayoijua mimi ni ya Machi, unapanda kwa mikono na magoti huku umeng'ang'ania mianzi. Sasa nina wageni wanakuja kutoka Dar na wamekomaa lazima twende. Mpango ni tutoke Mbeya mjini asubuhi, jioni tuwe tunakula kuku Uyole. Mliofika mwageni hapa. Mlianza saa ngapi, mlivaa nini, na kule chini kwenye maji mlishuka au mliishia juu?

Bibi Viazi
Pale si parefu, watu wanapakuza. Panda gari za Tukuyu, shuka Isongole, boda inakukatisha mashamba ya viazi mpaka msitu unapoanzia. Kuanzia hapo ni miguu yako. Saa moja na nusu kwa anayetembea, saa mbili na nusu kwa anayejipiga picha.

Kandambili
Mimi nilipanda na ndala. Niko hai.

Bibi Viazi
Wewe nyamaza.

Fundi Jenereta
Daah, umenikumbusha mbali. Sisi tulienda kundi la kazini, mvua za mwisho mwisho. Kupanda hakukuwa na shida, mbega wanaruka juu ya miti, migomba ya porini kila upande, mmoja kaokota kinyonga mwenye pembe tatu akawa anamtishia nacho dada wa mapokezi. Tumefika ukingoni saa saba, ukungu umefunga, ziwa hatulioni kabisa. Hapo ndipo kiongozi wa msafara akasema hatuwezi kurudi bila kuliona, tushuke mpaka majini. Kijana wa Isongole aliyetuongoza akamwambia, "Bosi, kushuka ni rahisi, kupanda ndiyo kazi, na mvua hii hapa." Hakusikilizwa.

Tukashuka. Unageuza uso uangalie mlima, unashika mizizi, unatafuta kwa mguu pa kukanyaga. Chini pazuri, sikatai. Kimya, maji hayatikisiki. Dakika kumi tu mvua ikamwagika. Njia yote ikawa mlenda. Mhasibu wetu, mtu wa kilo zake, hatua ya tatu mguu ukapinda na tukasikia ulivyolia. Mtandao hakuna. Wa kumbeba hakuna, maana pale hata kujibeba mwenyewe ni mtihani. Yule kijana akaomba kanga kwa akina dada, akaufunga mguu, akamkalisha. Mhasibu akapanda mlima ule wote kwa makalio, kinyumenyume, anajisukuma kwa mikono na mguu mmoja, sisi wawili nyuma tunamvuta kwapa, mmoja mbele anamzuia asiteleze. Kila akipumzika anataja madeni anayowadai watu ofisini.

Tunafika ukingoni giza limeingia. Msitu ule ukiingia giza huoni kiganja chako. Tochi za simu mbili, nyingine zimelowa. Tuko katikati ya mianzi, ikatoka sauti. Inaanza chini kwa mikwaruzo, inapanda, inapanda, inafika mahali kama mtu anakabwa, halafu inakatika. Kimya. Halafu inajibiwa upande wa pili. Dada wa mapokezi akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Nikamtazama yule kijana ili nipate moyo. Hakusema neno, akaongeza mwendo. Tumetoka kwenye viazi saa tatu usiku. Mpaka leo sijui ile ilikuwa nini.

Mama Kevu
Nimecheka mhasibu mpaka nimelia, pole yake.

Kandambili
Je, madeni alilipwa?

Mwalimu wa Baiolojia
Ndugu Fundi, hiyo ni perere. Mnyama mdogo, mkubwa kidogo kuliko sungura, mchana analala kwenye mashimo ya miti. Usiku dume analia hivyohivyo ulivyoeleza, na mwenzake anamjibu. Hakuna cha kukemea.

Mzee wa Poroto
Mwalimu, wewe umezaliwa wapi? Sisi tuliokulia kwenye milima hii perere tunamjua, tumemla. Ziwa lile lina wenyewe. Waganga wanafuata maji pale tangu enzi za babu zetu, na tulikatazwa kupiga kelele ukingoni. Nyie mnakwenda na spika.

Mwalimu wa Baiolojia
Mzee wangu, shikamoo. Heshima yako iko palepale. Lakini kama perere umemla, basi na sauti yake unaijua, mweleze kijana wa watu alale. Na hayo maji msiyanywe. Lile ni shimo la volkano, kina kinapita mita 70, hakuna mto unaotoka, na gesi ya kabonidayoksaidi inapanda kutoka chini. Ndiyo sababu serikali inatafuta jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi la kufua umeme, maeneo yale.

Mzee wa Poroto
Marahaba. Hiyo gesi nani kaiweka?

Mama Kevu
Mmeanza. Mtoa mada kauliza viatu.

Mchogoria
Majirani, nimewasoma nikiwa huku Meru. Ukingo wenu ni kama mita 2,600, sivyo? Sasa kilio chote hiki ni cha nini? Njooni Ziwa Ellis, Mlima Kenya, upande wa Chogoria. Langoni mwa hifadhi pekee ni karibu mita 3,000, ziwa liko juu ya 3,400. Sisi hulala langoni, asubuhi na mapema tunatembea mpaka ziwani na kurudi. Kichwa kinaanza kugonga hata kabla hujafunga kamba za viatu. Halafu kuna nyati, na ndovu kwenye mianzi.

Kandambili
Wakenya wameingia, funga mlango.

Fundi Jenereta
Sisi hatuna nyati, tuna mhasibu.

Mchogoria
Haya, hiyo nimekubali. Lakini kwa wageni wa kutoka Dar nisikie: wametoka usawa wa bahari, wakifika Mbeya wape siku moja wapumzike kwanza. Wasipande mbio. Mtu akianza kutapika au kichwa kikamzidi, mshushe, usimpe Panadol umwambie ajikaze.

Mama Kevu
Na koti. Mtu wa Dar haamini baridi mpaka imkute. Mimi nilimpeleka wifi yangu Julai, kavaa dera.

Dereva Kosta
Vaeni mabuti ya mvua, yale meusi ya shambani. Raba zinateleza.

Mwalimu wa Baiolojia
Mabuti ya mvua yanachubua visigino na kifundo hakishikwi. Viatu vyenye meno, soksi mbili, suruali uichomeke ndani ya soksi kwa ajili ya siafu na majani ya kuwasha.

Dereva Kosta
Wanaovuna viazi kule wanavaa nini, Mwalimu? Meno?

Kandambili
Ndala.

Mtoto wa Uyole
Jamani, kuku nimeshaagiza. Jumamosi hii twende au tusiende?

Fundi Jenereta
Nendeni, ila ikifika saa nane hamjaanza kurudi, mnatafuta makubwa. Majini msishuke.

Mama Kevu
Washuke, wametoka Dar kote huko wakaangalie ukungu? Muhimu waondoke mjini saa kumi na mbili asubuhi.

Mzee wa Poroto
Subirini Juni.

Bibi Viazi
Mtoto wa Uyole, usiku wa Ijumaa ikinyesha, ahirisha, kuku mle nyumbani. Isiponyesha, shukeni Isongole, muulize pale wanapopakia viazi, mtapewa kijana wa kuwaongoza. Ule ni msitu wa serikali, kiingilio mnapewa kontroo namba ya kulipia kwa simu, kwa hiyo hela ziwe kwenye simu na simu iwe na chaji. Na huyo kijana akisema turudi, mnarudi. Mkishuka mnunue viazi vyetu, siyo kutupiga picha tu mashambani.