Nilipunguzwa tumbo na ninafanya mazoezi, mbona uzito unarudi?

Bahari Shwari: Ndugu zangu, habari za leo. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo, ule ambao daktari hukata sehemu kubwa ya mfuko na kuacha kipande chembamba mfano wa ndizi, nami nilipungua hadi nguo zangu zote zikawa za kugawa. Sasa nimejiunga na ukumbi wa mazoezi hapa Sinza, ninanyanyua vyuma na kutembea jioni, lakini mizani inazidi kupanda ingawa ninakula kidogo sana. Naomba ushauri: niongeze mazoezi, au tumbo limetanuka na nirudi kukatwa tena?

Mkufunzi wa Tabata: Dada, usitishwe na mizani. Mtu anapoanza kunyanyua vyuma, misuli huweka akiba ya sukari, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu 3 za maji, kwa hiyo ongezeko dogo la mwanzo si mafuta. Jipime kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Waliofanyiwa upasuaji huo hushauriwa kula protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, nazo hazipatikani kwenye chai na andazi. Mimi nilipoanza mazoezi niliongezeka, mke wangu akadhani ninakula kwa siri, kumbe ni mapaja yalikuwa yakijengeka.

Mama Wawili: Mwanangu, nitasema ukweli ingawa utauma. Sisi tulikulia Lushoto, tukipanda vilima na ndoo za maji kichwani, na hakuna aliyehitaji kukatwa tumbo. Mwenyezi Mungu aliliumba likiwa zima. Rudi kwenye mboga za majani na kufunga, kisha umwombe msamaha.

Sista wa Zamu: Mama, shikamoo, lakini tumsikilize mgonjwa kwanza. Dada, hukusema umeongezeka kilo ngapi. Unakunywa nini? Juisi ya miwa, soda na uji wenye sukari hupita kwenye tumbo lililopunguzwa bila kulishibisha. Una mimba? Umechoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu? Kuna dawa yoyote unayotumia, na unene huo umekaa wapi?

Bahari Shwari: Asante, sista. Sina mimba, sindano sijachoma, na juisi niliacha. Nimeongezeka kilo 9, na uso ndio uliojaa zaidi. Dawa ni vitamini tu.

Sista wa Zamu: Kilo 9 si maji ya mazoezi. Soma jina lililoandikwa kwenye hizo vitamini, herufi kwa herufi.

Bahari Shwari: Kwa kuwa umeshikilia, nitasema. Nilipokonda, mashavu yaliingia ndani, na mtaani wakaanza kunong'ona kwamba nina ule ugonjwa. Mama mkwe aliniuliza mbele ya wageni kama nimepima. Rafiki yangu akanielekeza dukani, nikapewa vidonge vya kurudisha mashavu ndani ya bahasha ndogo, na juu yake imeandikwa "deksa" na "sipro". Vinanisaidia, kwa sababu sasa watu wananisalimia bila kunikagua. Sherehe ya kumuaga mdogo wangu ni mwezi ujao na mimi ndiye nitakayesimama naye, hivyo nitaviacha baada ya hapo. Nilitaka tu kujua mazoezi yatakayoondoa tumbo na kuacha uso.

Fundi wa Hoja: Samahani, mimi siamini. Mtu alipe mamilioni ili apungue, kisha anunue vidonge vya kunenepa? Mbona hataji alikofanyiwa? Nyuzi za namna hii huanzishwa na wauzaji, na kesho atatokea mtu mwenye mitishamba na namba ya simu.

Mkufunzi wa Tabata: Hata mimi sasa nina shaka. Huenda aliwekewa puto tu tumboni, kama wanavyofanya hospitali ya Mloganzila, na puto hutolewa baada ya miezi kadhaa, ndipo njaa inarudi.

Bahari Shwari: Si puto. Nilifanyiwa India, na hospitali siitaji kwa sababu haijanikosea lolote. Nina makovu madogo ya matundu tumboni, na siku za mwanzo niliishi kwa supu iliyochujwa. Siuzi kitu. Aliyewahi kuitwa maiti inayotembea ataelewa kwa nini nilivinunua.

Sista wa Zamu: Fundi, hata kama kisa kingekuwa cha kutungwa, vidonge hivyo vinauzwa kweli. Deksamethasoni, yaani hiyo deksa, huamsha njaa, huhamishia mafuta usoni na tumboni, hupandisha sukari, tena hula misuli ileile unayoijenga kwa vyuma. Siproheptadini, yaani hiyo sipro, ni dawa ya mzio ambayo huongeza hamu ya kula. Upasuaji ulipunguza homoni ya njaa, nawe unailipia njaa irudi. Tumbo lililokatwa liko katika hatari ya vidonda, kwa hiyo usiongeze diklofenaki kwa maumivu ya mazoezi. Zaidi ya yote, usiache deksamethasoni ghafla, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza homoni ya namna hiyo mwilini, huwa zimelala, na mtu anaweza kuanguka kwa shinikizo la damu kushuka. Daktari ndiye hupunguza dozi taratibu.

Bahari Shwari: Basi nikienda na bahasha hiyo, anaweza kunipangia nimalize baada ya sherehe?

Sista wa Zamu: Ratiba ataipanga kwa vipimo vyako, wala si kwa sherehe. Nenda kesho asubuhi, umweleze na upasuaji.

Msomaji Kimya: Sista, mimi sijawahi kufanyiwa upasuaji, ila vidonge hivyohivyo ninavitumia tangu nilipojifungua, na bado ninanyonyesha. Nami nisiache ghafla?

Sista wa Zamu: Usiache ghafla. Kesho nenda kliniki na mtoto, na bahasha uibebe.