Bastola ndogo ya kiunoni: P365, 43X au Hellcat? Wenye nazo, ipi haikukuangusha?

Kijana wa Mbagala
Wakuu habari za majukumu. Nataka kununua bastola ndogo ya kubeba kiunoni, ifichike chini ya fulana. Nimesoma mpaka macho yamechoka, nimebaki na tatu: SIG P365, Glock 43X na Springfield Hellcat, zote za risasi za 9mm. Sitaki habari za rangi wala muonekano. Swali langu ni moja: kwa mlio nazo, ipi haijawahi kukwama? Ijumaa naenda dukani. Natanguliza shukrani.

Fundi Gereji
Uko jimbo gani? Karatasi zako zikoje? Bajeti? Umewahi kufyatua hata risasi moja? Unauliza kama mtu anayetaka kujua gari gani zuri, halafu hasemi kama anaenda Kariakoo au Loliondo.

Mama Wawili
Na nyumbani unaishi na nani? Kuna watoto?

Kijana wa Mbagala
Niko Houston, Texas. Bajeti dola 600 pamoja na ala yake. Nafanya zamu ya usiku kituo cha mafuta, nafunga saa saba. Karatasi ziko sawa. Watoto bado.

Fundi Gereji
"Ziko sawa" si jibu, mdogo wangu. Dukani utajaza fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununulia silaha, na uraia wako unaulizwa humo. Mwenye green card anaruhusiwa, anaandika ile namba yake inayoanza na A. Aliyeingia kwa viza ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida hata kuishika haruhusiwi, labda aangukie kwenye misamaha michache kama ya leseni ya uwindaji. Ukidanganya pale ni jinai ya serikali kuu, na watu wa uhamiaji hawana usahaulifu.

Kijana wa Mbagala
Raia tangu mwaka jana, mkuu. Tuliza moyo.

Mnyalu wa Dallas
Hapo sasa tunaweza kuongea. Mimi P365 tangu 2019. Kitu hiki kilipotoka 2018 kiligeuza soko, maana kwa saizi ile tulizoea risasi 6, kama Glock 43 ya 2015, huyu akaja na 10, na moja tayari ndani ya chemba, yaani mdomoni mwa mtutu. Zile za mwanzo kabisa zilikuwa na malalamiko ya pini inayogonga risasi, kwa hiyo ukinunua ya mkononi angalia ni ya mwaka gani.

Yangu imeshakula risasi kama 2,300. Imekwama mara nne, na mara zote nne ilikuwa magazini ile ile, yaani kile kibweta cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Najua kwa sababu nimeziandika 1, 2, 3 kwa maka nyeupe chini. Namba 3 ndiyo ilikuwa mchawi. Nikabadilisha springi yake, kimya mpaka leo. Watu wanaitukana bastola, kumbe magazini ilidondoka kwenye sakafu ya saruji ikapinda midomo.

Mzee wa Katy
Glock. Mengine ni stori za vijiweni.

Fundi Gereji
Mzee wangu shikamoo. Fafanua basi, kijana ana hela mkononi.

Mzee wa Katy
Marahaba. Nina 43X tangu 2020. Inalala kiunoni mwangu ndani ya suruali majira yote, na mnalijua joto la Houston mwezi wa nane, nikifika nyumbani fulana unaikamua. Kutu iliyotokea ni kwenye skrubu mbili za ala, bastola yenyewe haina hata doa. Risasi 10, inatoka, ganda linaruka, basi.

Onyo moja. Kuna magazini za chuma za kampuni nyingine, mahali pa risasi 10 unaweka 15. Nilinunua mbili. Ya kwanza safi. Ya pili, risasi ya mwisho inainua pua na kugota juu ya mdomo wa chemba, kila safari, utadhani imeagizwa. Nimerudi kwenye 10 za kiwandani. Tamaa mbaya.

Muuguzi wa Brooklyn Park
Habari zenu ndugu. Mimi ni Mkenya, niko Minnesota, huku kubeba lazima upate kibali kwa sherifu kwanza. Naona nyote mnaongea mambo ya joto. Mimi nina Hellcat, risasi 11 na moja chemba, miaka mitatu sasa. Kukwama ni mara moja tu, na hiyo nilikuwa na glavu za baridi, nikaikamata juu vibaya ikashindwa kurudi yote. Kosa langu. Lakini niseme ukweli, inapiga teke. Baada ya risasi 60 kiganja changu kinawaka, na huwa sitamani kuendelea. Sasa bunduki usiyotamani kuifanyia mazoezi utaijulia wapi?

Nyumbani sisi tunajua Ceska tu, hizi CZ za Cheki. Kama ningenunua leo ningechukua CZ P-10 C. Ni kubwa kiasi, risasi 15, lakini unaishika na vidole vyote.

Mzee wa Katy
Saizi hiyo si Glock 19 ndiyo ilikuwepo tangu 1988? Kwa nini mzunguke mpaka Cheki?

Muuguzi wa Brooklyn Park
Kwa sababu triga ya Glock ni kama kukanyaga breki ya lori, mzee. Kwa heshima lakini.

Babu Rivolva
Nyie watoto mnajichosha. Nunueni rivolva ya .38, risasi tano, mlale. Haina magazini, haina springi ya magazini, haina midomo ya kupinda. Isipolia unavuta tena, inakuja risasi nyingine. Ya kwangu nilinunua Clinton akiwa madarakani.

Fundi Gereji
Babu, hapo nakupinga nusu. Risasi mbovu, kweli, unavuta tena. Lakini hizi rivolva nyepesi za siku hizi zina ugonjwa wao: ule mshtuko unavuta kichwa cha risasi kutoka kwenye ganda lake, kinajitokeza mbele, silinda inagoma kuzunguka. Hapo huvuti tena chochote, unatafuta nyundo. Nimeiona kwa macho, jamaa alikuwa anatumia risasi kali zisizobanwa vizuri shingoni.

Babu Rivolva
Risasi mbovu ni kosa la risasi. Soma nilichoandika.

Mpare wa Zamu ya Usiku
Nimesita kuandika, lakini naona dogo kazi yake na yangu ni moja. Jina la kampuni silitaji.

2021 nilinunua kibastola cha mfukoni, cha .380 (risasi fupi kuliko 9mm), dola 260. Kilikuwa chepesi kiasi kwamba nilikuwa napapasa mfuko kuhakikisha kipo. Nikakibeba miezi minne bila kukijaribu. Ndiyo, chekeni. Kazi mbili, usingizi saa nne, uwanja wa shabaha uko mbali, nikajiambia kitu kipya kutoka dukani kitakuwa na nini?

Siku nimekwenda na boksi la risasi 50. Ya tano: ganda limesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama konda aliyebanwa na mlango wa daladala. Nikalitoa. Ya sita, vile vile. Mwalimu wa pale akaja akaniambia kifundo cha mkono wangu kimelegea, bastola ndogo inataka mkono usioyumba, la sivyo ile sehemu ya juu hairudi nyuma yote. Nikakaza mpaka bega likauma. Ya tisa ikakwama. Akaichukua yeye, mtu mwenye mikono kama koleo. Ya tatu yake, imekwama. Akanirudishia hana hata maneno, akasema tu itume kiwandani.

Wiki tano. Ikarudi na karatasi kwamba kucha ya kuvutia ganda imebadilishwa. Nikaenda tena. Risasi 38 safi, nimeanza kutabasamu. Ya 39 nikavuta triga, ikalia, na triga ikabaki imelala nyuma. Haikurudi. Unaisukuma mbele kwa kidole kama kitasa kibovu.

Kinachoniuma si dola 260. Katika ile miezi minne, usiku mmoja saa nane aliingia mtu dukani kavaa kofia ya jaketi, kasimama mbele yangu mikono mfukoni, hasemi. Na mimi mkono wangu mfukoni. Tukatazamana. Mwishowe akasema anataka kiberiti. Sasa kila nikikumbuka kwamba kile nilichokuwa nimekishika kilikuwa kipande cha chuma tu, jasho linanitoka upya.

Mama Wawili
Pole sana kaka. Ila kuna sehemu umeiruka. Hicho kibastola kiko wapi leo?

Mpare wa Zamu ya Usiku
Nilikiuza duka la rehani, dola 110.

Mama Wawili
Na uliwaambia kina ugonjwa?

Mpare wa Zamu ya Usiku
Niliwaambia. Jamaa akakivuta mara mbili bila risasi, kikalia tik tik, akaandika kinafanya kazi.

Mama Wawili
Kwa hiyo sasa hivi kuna mwenzetu wa zamu ya usiku yuko nacho mfukoni.

Mnyalu wa Dallas
Dada mwache. Kasema kweli, walionunua ni wao. Ulitaka akizike?

Mama Wawili
Ndiyo. Au angekirudisha kiwandani mara ya pili. Mimi nisingelala.

Fundi Gereji
Tusigombane. Dogo, mimi naendaga hivi: risasi 200 za mazoezi, halafu angalau 50 za zile zile utakazobeba, zenye kichwa cha tundu. Zina mdomo mpana, kuna bastola zinazimeza za mviringo kama uji halafu za tundu zinazigomea. Zungusha magazini zako zote, ziandike namba kama alivyofanya Mnyalu. Ikikwama anza kuhesabu upya. Tone moja la mafuta kwenye reli, futa mengine.

Babu Rivolva
Mafuta ya cherehani yanatosha.

Mzee wa Katy
Mafuta ya injini. Nina lita nzima gereji.

Muuguzi wa Brooklyn Park
Kwa baridi ya huku mafuta ya injini yanaganda kama asali. Weka mafuta mepesi.

Mzee wa Katy
Yeye yuko Houston.

Mama Wawili
Mimi nawauliza nyote: bosi wa hicho kituo anajua? Wengi wameweka kwenye mkataba kwamba mfanyakazi haji na silaha. Texas tangu Septemba 2021 unaweza kubeba bila leseni, sawa, lakini mwenye mahali bado ana sauti yake. Ndiyo maana mnaona mabango ya 30.06 milangoni, yanayomkataza hata mwenye leseni kuingia na silaha iliyofichwa, na baa zinazoishi kwa kuuza pombe zina lile la 51% jekundu. Mimi nilichukua leseni hata hivyo, maana napita karibu na shule kila asubuhi na sheria ya serikali kuu inayomkataza asiye na leseni kubeba karibu na shule haijali Texas imesema nini.

Kijana wa Mbagala
Bosi ndiye aliyenishauri, dada. Asanteni sana wote. Kaka Mpare, nimesoma yako mara mbili. Swali jingine: kati ya hizi tatu ipi ni laini kukoki? Maana mke naye atakuwa anaitumia nikiwa kazini. Mikono yake haina nguvu.

Mama Wawili
Kukoki wanawake wengi tunafundishwa vibaya. Usivute kwa vidole, kamata juu kwa kiganja kizima, sukuma bastola mbele huku mkono mwingine ukirudi nyuma. Kama bado ni ngumu kuna Smith & Wesson Shield EZ, ilianza 2018 kwa .380. Ya 9mm ikaja 2020, na mwaka huo huo zikaitwa kiwandani kwa sababu ya hitilafu ya nyundo yake ya kufyatulia, kwa hiyo ukipata ya mkononi angalia namba yake.

Fundi Gereji
Subiri kwanza. Mke ana karatasi gani?

Kijana wa Mbagala
Alikuja kwa K-1, viza ya mchumba, tumefunga ndoa mwezi wa tatu, tunasubiri green card.

Fundi Gereji
Aaah! Unaona sasa? K-1 inahesabiwa viza isiyo ya uhamiaji. Mpaka ile kadi itoke asiiguse, na wewe usimwachie kabatini mahali anapoweza kuifikia. Nunua kisanduku cha namba za siri, namba ujue wewe tu. Na umuulize mwanasheria wenu wa uhamiaji kabla ya Ijumaa, usimsikilize fundi magari.

Mnyalu wa Dallas
Nimecheka lakini ni kweli. Hili ungelisema kwenye mstari wa kwanza tungeokoa siku mbili.

Kijana wa Mbagala
Dah. Kisanduku nacho kinaingia kwenye zile 600?

Mzee wa Katy
Kinaingia. Punguza ala ya ngozi.

Kijana wa Mbagala
Wakuu, mrejesho. Ijumaa sikununua. Nimekwenda uwanja wa shabaha nikakodi P365 na 43X, Hellcat hawakuwa nayo. Risasi 50 kila moja. P365 haikukwama, ila kidole changu kidogo kinaning'inia hewani. 43X imekwama mara moja, mwalimu akasema ni mimi. Kidole kidogo kinaifikia vizuri, lakini kile kitufe cha kufungia slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, kiko upande wa pili, nahangaika. Nimesahau kuwaambia, mimi ni mashoto.

Fundi Gereji
Mashoto.

Muuguzi wa Brooklyn Park
Glock 19 ya kizazi cha tano ina kitufe hicho pande zote mbili. Na P-10 C pia. Nilisema kutoka mwanzo saizi ile.

Mzee wa Katy
Umesikia mwenyewe, Glock.

Babu Rivolva
Rivolva haina upande.

Mnyalu wa Dallas
Babu, silinda yake inafungukia kushoto.

Mpare wa Zamu ya Usiku
Kijana, huo uwanja ni wa wapi na wanatoza kiasi gani kwa saa? Jumapili niko huru.