Wenye studio, acheni kufufua hadithi zilizokwisha

Wanajamvi, salaam.

Nina dukuduku nililolinyamazia kwa muda mrefu, na leo nalitoa kama lilivyo. Filamu za katuni ambazo familia hukaa kuzitazama pamoja, na vichekesho vya runinga vinavyotoka Marekani, vimeshikwa na maradhi yale yale: hakuna anayekubali kumaliza. Hadithi inafika mwisho wake, mwisho mzuri uliomtoa mtu machozi, na baada ya miaka michache inafufuliwa, inavutwa, inavutwa tena, hadi yule mhusika uliyempenda anabaki jina tu na ndani yake kuna mtu mwingine kabisa.

Nianze na Toy Story, maana hapo ndipo hasira yangu inapochemka zaidi. Ya kwanza ilitoka mwaka 1995, nayo ndiyo iliyokuwa filamu ndefu ya kwanza duniani kutengenezwa yote kwa kompyuta. Ya pili ikaja 1999 na ya tatu 2010. Katika hiyo ya tatu Andy, yule mtoto mwenye wanasesere, amekwishakuwa kijana, anakwenda chuo, na kabla ya kuondoka anamkabidhi binti mdogo aitwaye Bonnie wanasesere wake mmoja baada ya mwingine, huku akimweleza kila mmoja ana sifa gani. Anapofika kwa Woody, mwanasesere wake kipenzi, anasita, kisha anamwachia na huyo. Mtoto aliyeitazama filamu ya kwanza akiwa anaanza shule alikuwa amekua sambamba na Andy, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumfafanulia chochote: mwanasesere ni wa mtoto, mtoto hukua, na mwanasesere huenda kwa mtoto mwingine. Sioni ni neno gani lilikuwa limebaki kusemwa.

Wakaongeza hata hivyo. Mwaka 2019 ikaletwa ya nne, ambamo Bonnie amekwishamchoka Woody na kumwacha kabatini, na Woody, aliyetumia filamu tatu nzima akiwahubiria wenzake kwamba mwanasesere hamtupi mtoto wake, anamwacha mtoto, anamwacha Buzz rafiki yake wa kufa na kuzikana, anakwenda zake na Bo Peep, mwanasesere wa kike anayempenda. Sikatai kwamba filamu ile imetengenezwa kwa ustadi, wala sishangai kwamba ilipewa Oscar. Ule mwanga ndani ya duka la vitu vya kale unastahili kutazamwa hata sauti ikiwa imezimwa. Ninachouliza ni hiki: kama Bonnie angemtelekeza Woody upesi namna hiyo, yale makabidhiano ya Andy yaliyotuliza sote yalikuwa ya nini? Hawakuongeza sura mpya, walirudi nyuma wakafuta ya mwisho. Na kana kwamba hilo halitoshi, ya tano nayo ikapangiwa Juni 2026.

Kwa wasiofahamu, hatari hii ilikuwapo hata mapema zaidi. Disney na Pixar, studio iliyoitengeneza Toy Story, walipokuwa wamezozana, Disney, waliokuwa na haki ya kutengeneza miendelezo, walianzisha studio nyingine iliyoitwa Circle 7 na kuipa kazi ya kuandaa Toy Story 3 bila watu walioibuni hadithi yenyewe. Katika andiko lao Buzz ana hitilafu na anarudishwa kiwandani Taiwan. Disney walipoinunua Pixar mwaka 2006 kwa dola bilioni 7.4, studio hiyo ilifungwa na andiko likatupwa, nasi tukaponea chupuchupu. Lakini tazameni mantiki yake: kwa wenye mali, Woody hakuwa mhusika wa hadithi ya mtu fulani mwenye jambo la kusema, alikuwa kiwanja chenye hati, na yeyote mwenye hati anaweza kujenga atakacho.

Tabia hiyo haikuanzia hapo. Mwaka 1994 Disney walitoa muendelezo wa Aladdin moja kwa moja kwenye kanda za video, bila kuupeleka kwenye majumba ya sinema, na mauzo yakawalevya. Baada ya hapo ilikuwa kama mvua ya masika: Cinderella aliyekwishaolewa na mwana wa mfalme, ambaye kwa kawaida ya ngano zote duniani alipaswa kuachwa aishi raha mustarehe, akaletewa sehemu ya pili mwaka 2002, na Bambi wa 1942 akaletewa ya kwake mwaka 2006, miaka 64 baadaye. Wengi wetu tuliziona kanda hizo na kudhani ni filamu halisi zilizopungukiwa rangi. Mimi nasema zilipungukiwa sababu ya kuwapo.

Halafu kuna The Lion King. Ile ya 1994 ilikuwa na mgogoro ambao mtoto yeyote aliyewahi kuwa na ndugu anauelewa: Scar, ndugu wa mfalme Mufasa, alikuwa wa kwanza katika mstari wa kurithi kiti, Simba mwana wa Mufasa akazaliwa, na Scar akasogezwa nyuma. Wivu wa ndani ya nyumba, damu moja, ndiyo maana kifo cha Mufasa kinauma hadi leo. Mwaka 2019 wakairudia karibu picha kwa picha, ila safari hii simba wanafanana na simba wa mbugani, na kwa kuwa uso wa simba wa mbugani hauwezi kuonyesha huzuni ya binadamu, Simba anamlilia baba yake kwa uso ule ule anaotumia kupiga miayo. Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, na kwa mwenye studio hilo ndilo jibu la hoja zote. Ndipo mwaka 2024 wakaleta Mufasa, inayotuambia kwamba Mufasa hakuwa hata ndugu wa damu. Alikuwa mtoto aliyepotea akapokelewa na familia, na mrithi wa kiti kwa kuzaliwa alikuwa huyo mwingine aliyekuja kuitwa Scar. Sasa nikimtazama Scar wa 1994 nimwelewe vipi? Ndugu mdogo mwenye choyo, au mwana wa mfalme aliyenyang'anywa kilichokuwa chake? Mnabadilisha chanzo cha msiba mzima ili mpate filamu ya sikukuu za Desemba, kisha mnataka tupige makofi.

Ice Age sitaipotezea muda. Filamu tano za sinema kati ya 2002 na 2016, zilizoanza na mnyama mkubwa mpweke akimrudisha mtoto wa binadamu kwa baba yake, zikapita kwenye dinosaria, zikaishia na Scrat, yule mnyama mdogo asiyechoka kukimbiza kokwa, akiwa ndani ya chombo cha angani. Inatosha.

Katika vichekesho vya runinga hali ni mbaya zaidi, kwa sababu huko kuvuta hadithi ndiyo biashara yenyewe. Kwa miaka mingi kanuni ya Marekani ilikuwa kwamba tamthilia ikifikisha vipindi 100 hivi, vituo vingine vinaweza kuinunua na kuirudia kila siku, na hapo ndipo fedha nene ilipo. Kwa hiyo mwandishi haulizwi kama bado ana la kusema; anaulizwa vipindi vimefika vingapi.

Matokeo yake mnayajua. The Simpsons ilianza Desemba 1989 na Bart akiwa na miaka 10, na hadi leo ana miaka 10. Hilo peke yake ningelisamehe, kwa maana katuni haizeeki. Tatizo ni kwamba wazazi wake walipewa historia. Kipindi kimoja cha mwaka 1991 kilionyesha jinsi Homer na Marge walivyojuana shuleni mwaka 1974, nacho ni miongoni mwa vipindi vizuri kuliko vyote. Ilipofika 2008 hesabu za umri zilikuwa haziingiani tena, basi wakatunga kipindi kingine kilichohamishia ujana wao miaka ya 1990, yaani miaka ile ile ambayo sisi tulikuwa tukiwatazama wakiwa na watoto watatu. Ile hadithi ya mapenzi tuliyoipenda imetupwa kwa sababu kalenda ilikuwa inasumbua biashara.

The Office ya Marekani iliendeshwa na mtu mmoja, bosi Michael Scott, ambaye upumbavu wake na upweke wake ndivyo vilivyokuwa kichekesho chenyewe. Steve Carell, aliyemwigiza, aliondoka 2011 baada ya kuagwa kwa kipindi kizuri mno ambacho kingefaa kuwa cha mwisho. Wakaendelea kwa misimu miwili zaidi, wakibadilisha mabosi, hadi 2013. Two and a Half Men ilimfukuza mwigizaji wake mkuu mwaka 2011, ikamuua mhusika wake kwa treni jijini Paris bila kutuonyesha, ikamleta mtu mwingine na kusonga mbele hadi 2015, wakati huo yule mtoto aliyekuwa nusu ya jina la kipindi akiwa mtu mzima mwenye ndevu.

Msiniambie kwamba haiwezekani kuacha. Fawlty Towers ya BBC ina vipindi 12 tu, sita vya 1975 na sita vya 1979, na hadi sasa watu wanaitaja. Mr. Bean, ambaye huku kwetu hata mtoto asiyejua kusoma anamjua, ana vipindi 15 vya asili, basi. The Office yenyewe ya Uingereza, iliyozaa ile ya Marekani, ilikuwa na misimu miwili ya vipindi sita sita na vile vya Krismasi 2003, ikafunga mlango. Jerry Seinfeld aliisimamisha tamthilia yake 1998 ikiwa bado kileleni, ingawa kituo kilikuwa tayari kumlipa fedha za kutisha ili aendelee.

Wala sisemi kwamba kila kitu lazima kiishe. Tom na Jerry wanaweza kukimbizana hadi kiama, kama vile Sungura anavyoweza kumdanganya Fisi leo na kesho akamdanganya tena, kwa sababu hakuna kisa kinachotegemea cha jana. Vioja Mahakamani ya KBC imedumu miongo mingi kwa sababu hiyo hiyo: analetwa mshtakiwa mpya, uongo wake ni mpya, na hakimu anachoka upya. Hivyo vimeundwa viendelee. Kosa ni kuchukua hadithi iliyoundwa ifike mahali, ikafika, kisha kuilazimisha iondoke tena bila pa kwenda.

Najua watakuja wa kuniambia, "Ndugu, si lazima utazame." Nakubali, silazimishwi, na hiyo ya tano silipii kiingilio. Lakini atakayeandika hivyo hapa chini kwanza anijibu jambo moja. Mwanangu ameanza kuzitazama Toy Story sasa, na yeye hakusubiri miaka kati ya moja na nyingine; kwake zote ziko kwenye orodha moja, na ya tatu ikiisha mashine yenyewe inaanzisha ya nne baada ya sekunde chache, kabla Andy hajatoweka barabarani. Nimwambie nini, kwamba baba yake ndiye anayejua hadithi iliishia wapi, na walioitengeneza hawajui?